Mtazame Anapopunguza Mwendo: Kumjua Mwendesha Pikipiki Hodari

Jioni, Naivasha Road ikiwa imejaa matatu, mikokoteni na watu wanaotoka kazini, vijana wa steji ya pikipiki ya Kabiro, Nairobi, humsifu mwenzao kwa kasi. Yule ni moto, husema, akikubeba hujui umefika saa ngapi. Sifa hiyo siikubali. Kasi ni ya injini. Pikipiki aina ya Boxer ikifunguliwa mafuta itakimbia na yeyote aliyeikalia. Ufundi wa mtu huonekana anapoipunguza, na hapo ndipo pa kumpimia.

Mtazame akilikaribia tuta. Anayejua kazi hufunga mafuta mapema, akashusha gia moja, halafu nyingine, na injini yenyewe ikaanza kuizuia pikipiki. Ukitega sikio utasikia mlio ukipanda kidogo kila gia inaposhuka, bila mkwaruzo, na abiria hasukumwi kwenye mgongo wa mwendeshaji. Kisha zinafuata breki, zote mbili. Wengi mjini huiogopa ya mbele, eti itawarusha juu ya usukani. Kweli, ukiikaba ghafla juu ya mchanga itakuangusha. Lakini pikipiki inapofunga breki uzito huhamia mbele, gurudumu la nyuma likabaki jepesi, na anayetegemea breki ya nyuma pekee huishia kuliburuza. Hodari huibana ya mbele kwa vidole viwili, polepole, halafu akaongeza nguvu. Zitazame shokomzoba za mbele: zikizama taratibu na kuinuka taratibu, mkono huo umefundishika. Zikipiga kichwa chini kwa kishindo, bado.

Aliyenifanya niamini kipimo hiki ni Jim Redman. Alizaliwa London mwaka 1931, akahamia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mwaka 1952, na kule Bulawayo akafanya kazi ya ufundi wa pikipiki. Kati ya 1962 na 1965, akiendesha Honda, alitwaa ubingwa wa dunia mara sita: mara mbili katika daraja la cc 250 na mara nne katika cc 350. Mwaka 1964, pale Assen nchini Uholanzi, alishinda mbio tatu kwa siku moja, kila moja ya daraja lake. Mashabiki walimpenda zaidi mwendesha mbio mwenzake, Mike Hailwood, maana Redman hakuwa mtu wa maonyesho. Alikwenda kwa kasi iliyotosha kushinda, akaitunza mashine ifike mwisho. Mtu aliyewahi kuifungua injini kwa mikono yake anajua inapoumia, na sidhani kuna shule bora kuliko hiyo. Mwaka 1966 mvua kubwa ya Spa, Ubelgiji, ilimwangusha akavunjika mkono, naye akaachana na mashindano.

Kwa hiyo kabla hujamkagua mtu, ikague pikipiki yake ikiwa imesimama. Anza na cheni. Isukume juu kwa kidole katikati ya sehemu ya chini: icheze kama upana wa vidole viwili. Iliyokaza kama waya inakula beringi. Inayoning'inia itaruka siku moja barabarani. Angalia meno ya gia ya nyuma inayovuta cheni. Yakishachongoka kama meno ya papa, mwenyewe aliacha kuyatazama zamani. Halafu tairi la nyuma. Likiwa na mabaka yaliyolika mahali pamoja, huyo huzoea kulikaba mpaka likaburuzika. Stika na taa za rangi hazikuambii lolote.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni mwendo wa kutembea. Mvua ikinyesha, vichochoro vya Kabiro huwa tope tupu, mtaro upande mmoja na ukuta wa mabati upande wa pili, watoto wakitoka shule. Asiyejua huteremsha miguu yote miwili na kupapasa ardhi. Anayejua huiacha miguu kwenye pedali, akaishika klachi nusu, akaigusa breki ya nyuma kidogo sana, macho yakiwa mbele pale anapotaka kufika. Pikipiki huelekea macho yalikoelekea. Ukilikodolea macho shimo, utaliingia.

Ukitaka kuyaona haya yote yakiwa makubwa, nenda Jamhuri Park, si mbali na Kabiro, siku ya mbio za motokrosi. Umati hushangilia miruko. Mwache aliye juu, mngoje anapotua. Awe amesimama juu ya pedali, magoti yakilibana tangi, viwiko nje, gurudumu la nyuma liguse kwanza au yote mawili pamoja kwenye mteremko, mafuta yakiwa yamefunguliwa kidogo. Halafu sogea kwenye kona, si kwenye mstari wa kumalizia. Pale ndipo utaona nani aliyeisoma ardhi mapema na nani anaigundua akiwa ameshafika. Macho hayo ya kuisoma ardhi huhamishika: Mganda Arthur Blick Jr. aliyatoa kwenye motokrosi akayapeleka kwenye rali.

Tangu serikali ya Kenya iondoe VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, mitaa yetu imejaa waendeshaji waliojifunza wenyewe, na baadhi yao wana mikono ambayo kiwanja cha mbio kingeifurahia. Vazi na mashine ya motokrosi ndivyo vinavyowafungia mlango. Waandaaji wa mbio wakitaka vipaji, waje steji na fulana chache za kinga, wawapime vijana kwa breki na kona.

Nawe abiria, ukimpata anayeshusha gia bila kukutikisa, chukua namba yake ya simu, vaa helmeti anayokupa, na usivutane naye kwa shilingi ishirini.