Vitabu vya imani na lugha ya vita: Adui ni nani hapa Likoni?

Ukishuka feri upande wa Likoni, kabla hujafika kwenye matatu, utawakuta wauza vitabu waliotandaza bidhaa zao juu ya turubai. Wiki jana nilisimama kwa mmoja wao. Vingi vilikuwa vya dini: maombi ya usiku wa manane, siri za kumshinda adui, vita vya mataifa na mwisho wa dunia. "Chukua hiki, mwalimu," akanihimiza. "Hiki ni moto. Kina vita ndani." Nikamuuliza, vita na nani? Akacheka. "Na adui, mwalimu. Kwani wewe huna adui?"

Swali lile nimelala nalo siku kadhaa. Sina ugomvi na vitabu vya Kikristo vinavyosimulia imani, misukosuko ya mtu binafsi na migogoro ya dunia. Ugomvi wangu ni wa lugha. Kwanza, vingi vimetafsiriwa shaghalabaghala. "Msimu wako umefika," "panda kiwango kingine," "tembea katika ushindi wako": hicho ni Kiingereza kilichofungwa leso. Msimu kwetu ni wa maembe au wa kaskazi, na mtu hatembei ndani ya ushindi. Msomaji humaliza kurasa mia mbili na bado hajui mwandishi aliumizwa na nini, wapi, na nani.

Pili, na hili ni zito zaidi, vimejaa silaha, ngome, moto na maadui wasio na jina. Kweli, Mtume Paulo naye alitaja silaha katika waraka wake kwa Waefeso, ila mumo humo akatahadharisha kwamba mapambano hayo si ya mtu na mtu. Tahadhari hiyo ndiyo vitabu vingi huiruka. Adui akiachwa bila jina, msomaji atamtafutia jina mwenyewe. Na jina lililo karibu zaidi ni la jirani.

Likoni si mahali pa kuchezea neno vita. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha hapa, wakaua maafisa sita na kuiba bunduki. Nyumba na vibanda vikachomwa. Walioandamwa hasa ni watu wa bara, na wengi wakakimbilia kanisa Katoliki la Likoni kujinusuru. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na siasa ilikuwa na mkono wake. Kisha Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki wakaingia katika kanisa la Joy in Jesus ibada ikiendelea. Waliofariki ni sita. Mtoto mchanga aliyempoteza mamake siku hiyo alibaki na risasi kichwani, hadi madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta walipoitoa. Mtu aliyeyaona hayo, utampa kitabu kinachosema "teketeza adui zako" asome nini?

Hebu nilinganishe na kijitabu kimoja chembamba cha mwaka 1977, *I Love Idi Amin*, cha Festo Kivengere, aliyekuwa Askofu wa Kigezi nchini Uganda. Mnamo Februari mwaka huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Serikali ikadai ni ajali ya gari. Kivengere na mkewe wakatoroka usiku kupitia milimani hadi Rwanda. Hapo mwandishi mwingine angeanza kumlaani dikteta. Yeye anageuza kurunzi na kujimulika mwenyewe: anakiri kwamba chuki ilimjaa, na kwamba akiwa ibadani London siku ya Ijumaa Kuu ndipo alipotambua hawezi kuendelea nayo.

Uwezo huo haukuja hivi hivi. Kivengere alilelewa na uamsho ulioenea Afrika Mashariki kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Watu wake walizoea kuungama mbele ya wenzao kwa maneno machache: nilifanya hiki, kwa fulani. Ni shule nzuri ya nathari hiyo. Kasoro ya kitabu ni kwamba hakichambui kwa kina siasa zilizomkweza Amin na kumlinda. Anayetaka hayo atafute kwingine.

Lakini tazama anwani yake. Ukiitafsiri "Nampenda Idi Amin", Kiswahili kinakukaba koo, kwa maana kitenzi "penda" ndicho hicho kwa mke, kwa pilau na kwa timu ya mpira. Tuna "upendo", "mapenzi", "huba" na "mahaba", lakini kitenzi kikuu ni kimoja. Mtafsiri mwoga angeandika "Nimemsamehe", na angepoteza kila kitu. Anayesema nimesamehe huenda bado amesimama juu ya mwenzake. Anayesema nampenda ameshuka.

Immaculée Ilibagiza wa Rwanda naye, katika *Left to Tell* (2006), anaeleza siku 91 alizojificha na wanawake wenzake katika choo kidogo nyumbani kwa mchungaji, na baadaye jinsi alivyomwendea gerezani mmoja wa wauaji wa jamaa zake na kumsamehe. Linavutia, lakini msomaji wa Pwani atauliza: je, yule mtu aliomba radhi? Kwetu kuomba radhi, kusamehe na kusahau ni mambo matatu. Siku hizi mimbarini yote yamemezwa na neno moja, "mwachilie", kana kwamba aliyeumizwa ndiye mwenye deni.

Hata maneno yenyewe tunayopigania ni ya shirika. Imani, toba, dua, msamaha, shahidi: yote yana asili ya Kiarabu, na Mwislamu na Mkristo wa Mtongwe huyatumia sawasawa. Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo hapa Mombasa mwaka 1844, aliyemsaidia ni kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Mohiddin. Mwezi uliofuata Krapf alifiwa na mkewe na mtoto wao mchanga. Basi Biblia ya Kiswahili ilianzia kwenye meza ya watu wa dini mbili, katika msimu wa msiba.

Kitabu nilichokitafuta kwenye turubai lile sikukipata: cha mtu wa Likoni, kwa Kiswahili cha Likoni, kinachosimulia 1997 au 2014 kwa majina, mitaa na tarehe, na kukiri kile ambacho mwandishi mwenyewe alichukia. Tumezoea kuambiana kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini methali hiyo husemwa upesi mno na wale ambao hawakuugua. Ndwele isiyotajwa haina mganga. Waandishi wapo, makanisani na misikitini. Wachapishaji nao wawaulize, badala ya kutuletea adui wa kutafsiriwa.