Malalamiko Kutoka Ndani ya Sanduku: Wakala 13 na Kazi ya Kujificha katika Get Smart

Katika futuhi ya televisheni ya Marekani iitwayo Get Smart, iliyoanza kurushwa na NBC tarehe 18 Septemba 1965 na kumalizikia CBS mwaka 1970, yumo mhusika ambaye ni rahisi kumtaja na kumpita. Anaitwa Wakala 13. Kazi yake ni kujificha mahali ambapo mwili wa binadamu haukuumbiwa kukaa: ndani ya mashine ya kufulia nguo, mashine ya kuuzia sigara, pipa la taka, hata bomba la zimamoto. Mhusika mkuu, Maxwell Smart, hufika, kifuniko hufunguka, uso huchungulia, taarifa hutolewa. Na pamoja na taarifa huja malalamiko. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba malalamiko hayo si kikolezo cha mzaha tu. Ndiyo sauti iliyo wazi kuliko zote katika mfululizo huo inayouchukulia ujasusi kuwa ajira, yenye saa ndefu, mgongo unaouma na mwajiri asiyeuliza hali.

Mel Brooks na Buck Henry waliubuni mfululizo huu wakati ambapo hadithi za kijasusi zilikuwa zimetamalaki. Filamu ya Dr. No ilitoka mwaka 1962, na The Man from U.N.C.L.E. ikaingia katika televisheni mwaka 1964. Vita Baridi ilikuwa imewapa watazamaji jasusi nadhifu asiyetokwa jasho. Get Smart ilimfanyia tashtiti jasusi huyo kwa kumweka Smart, aliyeigizwa na Don Adams, kuwa mbumbumbu anayejiona hodari, mtumishi wa shirika la CONTROL linalopambana na KAOS. Hayo yanafahamika. Lisilotiliwa maanani sana ni kwamba ndani ya dunia hiyo ya mzaha mna matabaka. Smart ana makazi yake, ana simu ndani ya kiatu, ana mahali pa kuketi mbele ya Mkuu, na akikosea husamehewa. Wakala 13 ana kifuniko. Smart naye ana nambari, 86, lakini ana jina pia. Mwenzake hujulikana kwa nambari peke yake, tena ile inayohesabiwa kuwa ya nuksi katika jamii nyingi za Magharibi.

Mtu aliyejificha ni mhusika wa zamani katika tamthilia. Katika The Merry Wives of Windsor ya Shakespeare, Falstaff huingia katika kapu la nguo chafu ili asifumaniwe, na mwisho wake hutupwa mtoni. Katika Hamlet, Polonius hujificha nyuma ya pazia na kuchomwa upanga. Mmoja ni wa futuhi na mwingine wa tanzia, lakini wote wawili wamejipeleka wenyewe: Falstaff kwa tamaa, Polonius kwa udukuzi. Adhabu yao ina chanzo ndani ya tabia yao, na mtazamaji hucheka au husikitika akijua hivyo. Methali za Kiswahili kuhusu kuficha zina mantiki hiyohiyo. Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humfichua, kwa kuwa anachoficha ni chake. Wakala 13 hafichi chake. Siri ni ya shirika, na mwili uliokunjwa ni wake. Hakutenda kosa lolote, ila amepangiwa zamu. Ndiyo maana kumwita “jasusi mwenye bahati mbaya” hakutoshi, kwani bahati mbaya haipangwi na mtu, na zamu hupangwa.

Nadharia inayoelekea kumfaa ni ya Henri Bergson, ambaye katika Le Rire (1900) alieleza kwamba watu hucheka pale binadamu anapofanana na kitu au mashine. Kwa mtazamo wa kwanza Wakala 13 ni mfano kamili: mtu amekuwa samani. Hata hivyo, tukio lenyewe huenda kinyume. Kinachoonekana kwanza ni sanduku au mashine, kitu kisicho na uhai ambacho hakuna anayekihurumia, kisha kitu hicho hufunguka na kuanza kudai haki. Kicheko hakitokani na mtu kugeuka kitu, bali na kitu kugundulika kuwa ni mtu, tena mtu mwenye manung’uniko. Bergson aliongeza kwamba kicheko huhitaji moyo uliotiwa ganzi. Malalamiko ya Wakala 13 ni jaribio la kuiondoa ganzi hiyo. Jaribio hilo hushindwa kila mara, na kushindwa huko ndiko kuchekesha kwake.

Hapa mfululizo wenyewe unastahili kulaumiwa. Get Smart ilitumia kicheko kilichorekodiwa, na kicheko hicho hakimpi mlalamikaji nafasi ya kusikilizwa. Mtazamaji huamriwa kucheka kabla hajapata muda wa kuwaza jinsi mtu anavyoweza kukaa humo tangu asubuhi. Malalamiko nayo huelekezwa kwa Smart, asiye na mamlaka ya kumhamisha mtu yeyote. Mkuu, mwenye uwezo huo, hayupo kifuniko kinapofunguka. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka shida yake kwenye dirisha lisilo na uwezo wa kuitatua anaielewa dhana hiyo bila kuhitaji nadharia. Isitoshe, maficho yenyewe hayana siri. Smart anajua pa kwenda, hugonga, na wawili hao huzungumza hadharani. Mateso yanabaki hata pale manufaa yanapokosekana, na katika jambo hilo tashtiti ya mfululizo huu ni kali kuliko inavyojitambua.

Ushahidi mwingine umo nje ya hadithi, katika orodha ya waigizaji. Kabla ya Wakala 13, aliyeigizwa na Dave Ketchum, alikuwapo Wakala 44 wa Victor French, mwenye kazi ileile na huzuni ileile. Yeye alithubutu hata kumchelewesha Smart kwa soga, kwa upweke tu. Katika msimu wa mwisho Wakala 44 alirudi kwa sura nyingine, ya Al Molinaro. Kwa mtayarishaji, hayo ni mabadiliko ya kawaida ya waigizaji. Kwa mhakiki, yanaonyesha kwamba CONTROL inahitaji mtu wa kukunjwa, na yeyote atafaa. Tamthilia ya Beckett, Endgame, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957, iliwaweka Nagg na Nell ndani ya mapipa bila kumruhusu mtazamaji kustarehe. Televisheni haikuthubutu kufika huko, na pengine haikutaka. Wakala 13 alibaki mhusika bapa, asiyepata kisa chake mwenyewe, na marudio ya mzaha uleule huchosha kwa anayetazama vipindi vingi mfululizo.

Msomaji wa riwaya pendwa za Kiswahili atamkumbuka Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa ukoo wa Bond, shupavu na mtanashati. Gamba ni shujaa wa peke yake, na ushujaa wa namna hiyo huwasukuma gizani wale wanaokesha wakilinda mlango. Pengo hilo, ambalo si kosa la Musiba peke yake bali ni la utanzu mzima, halijapata mjazaji wa kutosha, na futuhi ingekuwa chombo chepesi cha kulijaza.

Ketchum alirudi katika nafasi yake kwenye filamu ya televisheni Get Smart, Again! ya mwaka 1989, akiwa na umri ambao katika ajira nyingine mtu angekuwa amepandishwa cheo. Mwaka 2008, katika filamu iliyoongozwa na Peter Segal, Wakala 13 aliigizwa na Bill Murray. Safari hii yumo ndani ya mti. Haombi kuhamishwa wala hadai mazingira bora ya kazi. Anataka mtu asimame azungumze naye kidogo, na wenzake wana haraka ya kwenda zao.