Kaka Asifiwa, Dada Aandika

Barua za Emily Dickinson kwa kaka yake Austin nazipenda kuliko mashairi yake, wallahi. Mwaka 1851 Austin alikwenda kufundisha Boston. Nyumbani Amherst, Marekani, baba yao, mwanasheria, akawa anazisifu barua za kijana wake eti zimempita Shakespeare! Anayetupa habari hiyo ni Emily mwenyewe, kwa utani. Mwaka 1853 Austin akatunga shairi. Emily, miaka 22, akamjibu kwamba hata yeye huwa anaandika-andika. Asimnyang'anye fani, atamwitia polisi. Ukisoma haraka utacheka, upite. Mimi naona donge limemkaa kooni. Alipofariki 1886, mdogo wao Lavinia alikuta mamia ya mashairi chumbani. Baba alishakufa tangu 1874.