Bonde la Mto Sigi: Msitu Unaolingana na Kimo cha Mtoto

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Kama una watoto na una siku mbili tatu za likizo, nenda bonde la Mto Sigi, Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Nenda! Nimerudi juzi, viatu bado vina tope jekundu na sijavisafisha kwa makusudi, kwa sababu kila nikiviona nacheka peke yangu. Sijui tulikuwa wapi siku zote. Tunajibana mwaka mzima tupate hela ya mbuga, tunawafungia watoto ndani ya gari saa sita, wanaoneshwa simba kwa mbali amelala chali, wanauliza "tunaenda lini nyumbani?" Hapa mtoto anatembea kwa miguu yake, na maajabu yenyewe ni madogo, yako chini, yako karibu. Mimi mtu mzima ndiye niliyekuwa nainama muda wote. Kitinda mimba wangu wa miaka sita alikuwa anaona kila kitu kabla yangu.

Kufika ni rahisi kuliko nilivyodhani. Mabasi mengi ya Dar kwenda Tanga yanapita Muheza, mji wa machungwa, na ukishuka tu stendi utayanunua hata kama hukupanga. Kutoka hapo unaacha lami, unashika barabara ya vumbi kuelekea milimani, na ghafla dirishani kunaingia baridi. Watoto wakaacha ugomvi wao wa kiti. Mnafika Sigi, geti la Hifadhi ya Amani, mnajiandikisha, mnalipa kiingilio kwa kontrol namba kama malipo yote ya serikali, mnapewa mwongozaji. Ofisi ya wageni ipo kwenye nyumba ya zamani ya bwana stesheni. Ndiyo, stesheni! Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni mpaka hapa Sigi, kushusha mbao za mlimani. Reli imeondoka, nyumba imebaki, na msitu umejirudishia sehemu kubwa ya nafasi yake. Binti yangu mkubwa alitaka kujua treni iligeuzia wapi. Tukaanza safari kwa kutafuta reli ambayo haipo, na sijaona namna bora zaidi ya kumtoa mtoto kwenye simu.

Tulikuwa na shangazi yao, dada yangu mkubwa, anayekaa Chumbageni, Tanga mjini, na ambaye alikuja kwa shingo upande. "Mimi na milima wapi na wapi," alisema. Mwongozaji, kijana mpole wa hukohuko, akamwamkia, "Shikamoo mama," akamkatia fimbo, akamweka mbele ili sote tufuate mwendo wake. Huo ndio ustaarabu wa kutembea na familia: mwendo ni wa yule anayechoka mapema.

Njia ya chini inafuata mto. Jamani, ule mto! Maji yanateleza juu ya mawe meusi, mahali pengine yanatulia yakawa kidimbwi unachoona mpaka changarawe za chini, kisha yanaanguka tena kwa kelele inayokulazimisha kupaza sauti. Miti imefunga juu, mwanga unashuka kwa vipande. Tulivuka kijito kwa kurukia jiwe baada ya jiwe, shangazi mtu akishikwa mkono huku na huku, na alipofika ng'ambo akawa anataka kurudi avuke tena. Hapo ndipo mwongozaji alipomwambia kwamba maji haya yanashuka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka huko ndiyo yanaenda kwenye mabomba ya jiji la Tanga. Dada yangu akasimama. "Kwa hiyo haya ndiyo ninayochemshia chai?" Ndiyo, mama, ndiyo haya. Akayatazama kwa muda, kisha akamgeukia yule mdogo aliyekuwa anataka kutupa ganda la chungwa mtoni: "Weee! Thubutu!"

Siri ya kijani hiki ni bahari. Milima hii haiko mbali na pwani, upepo wa Bahari ya Hindi unapanda nayo ukiwa umebeba unyevu, na Amani, kule juu mlimani, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Msitu umekaa hapa muda mrefu sana bila kukauka, ukiwa umetengwa na misitu mingine, ndiyo maana una viumbe visivyopatikana pengine au vinavyopatikana sehemu chache mno. Mwaka 1997 eneo la hekta zipatazo 8,380 lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina hiyo nchini. Nilijua hayo kabla ya kwenda. Kuyajua ni kitu kimoja. Kuchuchumaa mbele ya mwamba wenye kivuli na kuoneshwa ua la Saintpaulia, dogo, la zambarau, majani yake yamejaa manyoya laini, hicho ni kitu kingine. Ua hili linapandwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huku Tanga, akalipeleka kwao, likabeba jina lake. Kwao lipo hapa, kwenye ufa wa mwamba, linanyeshewa. Tuliangalia kwa macho, hakuna aliyechuma.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu usiku.

Tulilala Amani, juu, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, kwenye nyumba ya wageni ya hifadhi. Baada ya chakula cha jioni mwongozaji akauliza kama watoto wanaweza kukesha kidogo. Swali gani hilo! Tukatoka na tochi, tukatembea pembezoni mwa msitu. "Mulikeni polepole," alisema, "tafuteni kitu kilichopauka." Hatukuona kitu. Majani, majani, majani. Kisha mdogo akanyoosha kidole: "Anko, kile?" Kinyonga amelala kwenye ncha ya tawi, mkia umejikunja kama kamba iliyoviringwa, ngozi imepauka. Usiku rangi zao hufifia, kwa hiyo mwanga wa tochi unawafichua, wakati mchana ungepita hapohapo mara kumi usimwone. Na alikuwa na pembe tatu! Pembe tatu za kweli, zimetokeza mbele ya uso. Ni kinyonga wa Derema, aliyepewa jina la mahali hapahapa jirani. Dume ndiye mwenye pembe, jike hana. Hatukumgusa, hatukummulika muda mrefu. Tulisimama pale tukinong'ona kana kwamba tumeingia chumbani kwa mtu.

Hatua chache mbele, juu ya jani la kimo cha goti, chura. Kadogo, ka kahawia, hakana hata sentimita nne. Ningempita. Mwongozaji akasema huyu ni chura wa Tornier, na kwamba hatagi mayai majini: jike hubeba watoto tumboni na kuzaa vichura vilivyokamilika. Binti yangu wa darasa la nne akakunja uso. Ametoka kukariri mzunguko wa maisha ya chura, yai, kiluwiluwi, chura, amechora na kupaka rangi. "Sasa nikiandika hivi kwenye mtihani nitakosa?" Kijana akacheka. "Andika alivyokufundisha mwalimu, halafu mwambie aje Amani." Hiyo kauli moja ilinilipia safari nzima.

Asubuhi tukaingia bustani ya mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kujaribu mazao na miti ya kila pembe ya dunia. Hapa panataka mwongozaji anayejua, la sivyo utaona miti tu. Kuna historia yenye uchungu pia. Mti wa Maesopsis eminii, ule ambao Uganda huitwa musizi, haukuwa wa msitu huu. Uliletwa, ukapandwa, na hondohondo wakapenda matunda yake, wakasambaza mbegu mpaka ndani kabisa ya msitu wa asili. Watu wazima tukaanza kutafakari mambo ya ukoloni na mazingira. Watoto walisikia neno moja tu, hondohondo, na mara wawili wakapita juu kwa sauti ile ya mbawa zinazokata hewa, na mjadala wetu ukaishia hapo.

Wapenzi wa ndege watanilaumu kwa kuwapitia ndege haraka, maana kuna wale hapa watu wanavuka bahari kuja kuwaona. Nitasema tu kwamba hata mbega weusi na weupe walitutazama kutoka juu kwa dharau ya wazi, na nilistahili.

Kasoro? Zipo, na mzazi azijue. Kupanda kwa miguu kutoka Sigi mpaka Amani ni kugumu kwa miguu mifupi. Kodi gari au bodaboda mpande, kisha mtembee njia fupi za juu, na njia za mtoni mzifanye siku mkiwa Sigi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia zinateleza na barabara inakuwa shida. Siafu wapo: suruali iingie ndani ya soksi, na ukiona mstari mweusi unavuka njia, ruka, usisimame kupiga picha. Beba koti hata kama umetoka Muheza ukitokwa jasho. Mtandao wa simu ulikuwa unakuja na kuondoka, na mimi hilo nimeliweka upande wa faida. Na tafadhali usijitose bila mwongozaji ili ubane matumizi. Bila yeye tungerudi tumeona miti mingi na chura sifuri.

Kabla ya kushuka, nunueni iliki, mdalasini na pilipili manga kwa wenyeji wa vijijini. Gari zima litanukia mpaka nyumbani, na hela itabaki kwa watu wanaoishi jirani na msitu huu.

Dada yangu, yule wa "milima wapi na wapi", ameshauliza tunarudi lini, na safari hii anataka kuja na wifi zake. Kwa hiyo nakuomba uwahi kabla nafasi za kulala hazijajazwa na ukoo wangu. Shule zinafungwa Juni, masika yatakuwa yamekwisha. Kata tiketi ya basi la Tanga, ila mwambie kondakta mapema kwamba mnashuka Muheza.