WIMBO WA NYOTA KWA GITARI MOJA

Wengine watatuuliza: wimbo wa vijana wa Uingereza wenye gitari za umeme unatafuta nini mu gazeti la seminari? Ngojeni kidogo.

Kundi lenyewe ni Queen. Mwimbaji wake mukubwa, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, na kisha mapinduzi ya 1964 jamaa yao ikahamia Uingereza. Nyimbo zake za kupigia makofi mu kiwanja cha mupira, wengi mu Butembo wanazijua. Lakini '39, wimbo wa tano wa sahani A Night at the Opera ya 1975, wachache wameusikia. Uliandikwa na mupiga gitari wao, Brian May. Mutu huyu alisoma elimu ya nyota, akaiacha kwa ajili ya muziki, akairudia uzeeni, na mu 2007 akapata udaktari ku Imperial College, London, kwa kazi juu ya vumbi linaloelea kati ya sayari.

Hadithi ni hii. Watu wa kujitolea wanaondoka na chombo kutafuta inchi mpya, sababu ile ya kwao imechoka. Kwao wenyewe safari inadumu mwaka mumoja tu. Wanarudi na habari njema, kumbe nyumbani miaka mia imepita: muke amekwisha kufa, na anayempokea musafiri ni uzao wake, mwenye macho ya yule aliyemuacha. Si hadithi ya bure. Tangu Einstein, mu 1905, wenye elimu wanajua kwamba anayekwenda mbio karibu na mwangaza, saa yake inapunguza mwendo. Ili mwaka mumoja wake uwe mia yetu, lazima afikie asilimia 99.995 ya mbio za mwangaza. Wazee wa Kanisa walikuwa na hadithi ya wale Saba waliolala mu pango la Efeso. Hawakuhitaji chombo.

Sasa tuje ku muziki wenyewe. Ndani ya sahani gitari haina umeme, na John Deacon anapiga zeze kubwa la kusimama. Lakini katikati sauti zinapanda bila neno lolote, juu sana, kisha zinapotea. Zile sauti ndizo anga. Mu 2005, tarehe 9 Mei, ku Sheffield, Brian May aliuimba peke yake na gitari moja, na sahani ya Return of the Champions ikatunza sauti ile. Alikuwa na miaka 57. Mercury alikwisha kufa tangu tarehe 24 Novemba 1991, na Deacon alikwisha acha kazi ya muziki.

Ndugu mumoja hapa Butembo anashikilia kwamba wimbo ukivuliwa nguo zote unakuwa mzuri zaidi, na kwamba korali zetu zifanye vile vile, zitupe vinanda vya umeme. Hatukubali yote. Missa Luba ya Padri Guido Haazen, iliyoimbwa ku Kamina mu 1958, haikuwa na umeme hata kidogo, lakini haikuwa ya kimasikini: sauti nyingi na ngoma! Kukosa umeme si sawa na kukosa watu. Ku Sheffield anga imepotea. May anafika mahali pa zile sauti, na gitari yake inapita tu kama mutu anayevuka muto mukavu.

Lakini kile alichopata ni kikubwa. Mu sahani ya 1975 mwendo ni wa kucheza. Mutu anaweza kuruka-ruka hata mwisho bila kusikia kwamba musafiri amepoteza vyote. Mu 2005 haiwezekani. Anayeimba ndiye aliyerudi, na wenzake hawapo. Hakuongeza neno, miaka 30 ilifanya kazi hiyo.

Tuliusikiliza tena ku Beni, mu telefone, pamoja na baba mumoja aliyekimbia kijiji chake upande wa Oicha kwa ajili ya mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, akarudi baada ya miaka. Kiingereza hajui, tukamweleza hadithi. Alinyamaza, kisha akauliza: «Na shamba lake, nani alilima?» Wimbo haujibu. Hapo tuliona kasoro ambayo Brian May hakuiondoa kwa gitari moja wala kwa sauti nyingi: kuondoka kumeimbwa pole pole, lakini kurudi kunapita haraka, kana kwamba kukuta macho yanayofanana kunatosha. Kwa yule baba hakukutosha. Yeye alikuta mutu mwingine akivuna kahawa yake.

Mwanafunzi mumoja sasa anajaribu kuupiga na gitari na sauti mbili tu. Tulimuomba mambo mawili: zile sauti bila maneno azirudishe, hata kama ni mbili, na ubeti wa kurudi aupige pole pole kuliko wote. La pili amelikubali. Juu ya la kwanza anasema sauti zake hazifiki juu hivyo. Tumemwambia ashushe ufunguo.