Gede! Mbona Mlinificha?

Jamani watu wa Adu, tumelala! Miaka yote tunapanda gari, tunavuka daraja la Sabaki, tunashuka Malindi, tunanunua vyetu sokoni na kurudi. Kumbe ukiongeza kilomita kama 16 tu kwenye barabara ya Mombasa, kuna mji mzima wa mawe umesimama ndani ya msitu! Nimeingia Gede kwa mara ya kwanza Jumamosi, na hapa ninapoandika moyo bado unadunda.

Malindi yetu imejaa Waitaliano, na mwenye ndugu anayefanya kazi hotelini amesikia sifa za Venice hadi amechoka. Sawa, Venice ni Venice. Lakini miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa Gede kuna shanga za kioo zilizotoka huko huko Venice! Mali ya Waitaliano ilifika kwetu karne nyingi kabla mtalii wao wa kwanza hajavua viatu ufukweni. Na si shanga peke yake: kuna vyombo vya kauri vya China, taa ya chuma kutoka Bara Hindi, mkasi wa Hispania. Nyumba zenyewe zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri. Unasimama kwenye kizingiti cha mtu usiyemjua na tayari unajua alichoacha.

Twende msikitini kwanza, maana hapo ndipo nilipoishiwa na maneno. Msikiti Mkuu ni wa karne ya 15. Paa halipo, lakini nguzo zimebaki katika safu zake, na kibla kilikuwa kimepambwa kwa bakuli za kauri zilizozamishwa kwenye chokaa. Tazama pia tao la mlango wa mashariki: juu yake umechongwa mkuki! Mkuki, kwenye mlango wa msikiti! Nilizunguka nikarudi kuutazama tena, watoto wa shule waliokuwa nyuma yangu wakanicheka. Kando kuna kisima kirefu na birika la kutawadhia, na mfereji wa kupitisha maji kutoka kimoja hadi kingine. Hawa watu walikuwa na mipango.

Halafu jumba la mfalme. Nyua zilizozama chini, vyumba vilivyofuatana, na chumba kimoja cha hazina kisicho na mlango wala dirisha. Mtu aliingia kupitia tundu lililo juu ukutani. Vyoo navyo! Msicheke, vitazameni: choo cha shimo na mahali pa kujitawaza pembeni, ndani ya nyumba, miaka mia tano na zaidi iliyopita. Na chini ya sakafu za baadhi ya nyumba wachimbaji walikuta vyungu vya fingo, vilivyofukiwa kulinda nyumba. Wazee wetu hawatauliza hiyo ni nini.

Karibu na lango kuna kaburi lenye tarehe, 802 ya Hijria, yaani 1399. Kwa tarehe hiyo, hata babu yake Vasco da Gama hajulikani alikuwa wapi! Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima, jirani kabisa, lakini katika maandishi yao Gede haitajwi. Mji ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, kwa sababu ambazo wataalamu wanazibishania mpaka leo (maji ya visima, wavamizi, biashara kuhama), msitu ukafunga mlango. Mwaka 1948 James Kirkman alianza kuuchimba, akaendelea hadi 1958, na Julai 2024 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia. Dunia imetutangulia kwenye mlango wetu wenyewe!

Nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi? Nendeni, mpige picha, upepo ni mzuri. Dakika kumi zinatosha. Gede inataka asubuhi nzima, kabla jua halijawa kali, na mtu wa kuwatembeza, maana bila maelezo ukuta hubaki ukuta. Panda jukwaa la mbao kwenye mbuyu. Ngazi zinatetemesha magoti, lakini ukifika juu unauona mji wote umelala katikati ya miti. Kasoro ni mbu, basi. Kiingilio cha mwenyeji ni nafuu kuliko cha mgeni, kwa hivyo kitambulisho kisisahaulike nyumbani.

Ndizi msizibebe mkononi. Kima wa Gede hawaogopi mtu. Mmoja alininyang'anya yangu nikiwa nimelikodolea macho lile tao, akapanda nayo juu ya ukuta wa jumba na kuimenya taratibu. Zamu inayofuata ni Mnarani kule Kilifi, nasikia nako kuna makaburi ya nguzo. Nikikosekana shambani, msinitafute.