Namba Zilizofunga Utafiti Kisumu, Foleni Zilizofunguka Njombe

Juni ikiingia na baridi kuanza kung'ata Lupembe, huo ndio msimu wa tohara. Watu wengi wa nyanda za juu kusini wanaamini kidonda hupona upesi wakati wa baridi, shule nazo zinafungwa, na watumishi wa afya walijifunza mapema kupanga kazi yao kwa kuifuata imani hiyo badala ya kubishana nayo. Katika kampeni ya wiki sita ya mwaka 2010 mkoani Iringa, ambao wakati huo bado ulibeba Njombe, Makambako na Lupembe ndani yake, walitahiriwa wanaume na vijana 10,352.

Kwa nini Iringa? Takwimu za kitaifa za mwaka 2007-08 zinajibu upande mmoja: maambukizi ya VVU mkoani yalikuwa asilimia 15.7 wakati taifa zima lilikuwa asilimia 5.7, na waliotahiriwa walikuwa asilimia 29 tu ya wanaume, dhidi ya 67 kitaifa. Upande wa pili wa jibu haupo Iringa. Uko Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, kwenye tafiti mbili za kupima kama tohara inamkinga mwanaume na VVU, zilizosimamishwa Desemba 12, 2006 kabla hazijafika mwisho uliopangwa. Namna zilivyosimamishwa inastahili kuangaliwa kwa makini, maana wengi wetu tukisikia utafiti umekatishwa tunadhani kuna mtu ameharibu kazi.

Kisumu waliandikishwa vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24. Nusu walitahiriwa mwanzoni, nusu nyingine wakaambiwa wasubiri miaka miwili, na kilichoamua nani aende kundi gani ni kura. Rakai walikuwa wanaume 4,996 wa miaka 15 hadi 49. Watafiti wenyewe, timu ya Robert Bailey Kisumu na ya Ronald Gray Rakai, hawakuwa na mamlaka ya kufungua namba za makundi yote mawili kila wanapojisikia. Kazi hiyo ilikuwa ya bodi huru ya ufuatiliaji wa takwimu na usalama: wataalamu wachache wa tiba, takwimu na maadili, wasio waajiriwa wa mradi, wanaokutana kwa vipindi vilivyopangwa, wanasoma namba, kisha wanatoa neno: endeleeni au simameni.

Kwa nini isiwe rahisi tu, kwamba tofauti ikionekana utafiti usimame? Kwa sababu bahati hupanda na kushuka. Mshabiki anayeruhusiwa kumaliza mechi dakika yoyote timu yake inapoongoza atashinda mechi nyingi asizostahili. Kwa hesabu ni hivi: ukitazama matokeo mara moja, mwishoni, kwa kigezo cha kawaida, uwezekano wa kudanganywa na bahati ni asilimia 5. Ukitazama mara tano kwa kigezo kilekile, huku uko tayari kusimama popote, uwezekano huo unapanda hadi karibu asilimia 14. Ndiyo sababu mpaka wa kusimama huandikwa kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa. Mpaka unaotumika sana ni ule wa O'Brien na Fleming wa mwaka 1979. Unakuwa mkali mno mwanzoni, kiasi kwamba katika tazamo la kwanza kati ya matano unadai tofauti ambayo bahati tupu isingeileta hata mara moja katika laki moja, kisha unalegea kadiri data zinavyojaa, hadi tazamo la mwisho linapokaribia kigezo cha kawaida.

Kisumu ilifika tazamo la tatu. Waliotahiriwa walikuwa wameambukizwa 22, wasiotahiriwa 47. Rakai, 22 kwa 45. Tazama udogo wa namba hizi. Katika vijana 2,784, uamuzi ulisimama juu ya maambukizi 69. Anayebeza hapo ana hoja, kwa sababu tafiti zinazosimamishwa mapema kwa mafanikio zina tabia ya kukuza faida. Zinasimama palepale namba zilipopanda. Lakini mambo matatu yanaipa nguvu Kisumu. Nusu ya washiriki walikuwa tayari wamefuatiliwa miezi 24 au zaidi, kwa hiyo kilichokatwa kilikuwa mkia. Rakai, nchi nyingine na umri mwingine, ilitoa jibu linalofanana: pungufu ya karibu nusu. Na Orange Farm, Afrika Kusini, utafiti wa kwanza kati ya tafiti tatu za namna hii, nao ulikuwa umesimamishwa mapema ukionyesha pungufu ya asilimia 60. Baadaye, wanaume wa Rakai walipofuatiliwa kwa takriban miaka mitano baada ya utafiti kufungwa, kinga ilionekana kufika asilimia 73. Namba hiyo ya mwisho naipokea kwa tahadhari, maana wakati huo kila mwanaume alijichagulia mwenyewe kutahiriwa au kutotahiriwa na kura haikuwepo tena. Hata hivyo haionyeshi faida iliyoyeyuka.

Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakapendekeza tohara ya kitabibu ya hiari kwa nchi zenye maambukizi makubwa na tohara chache. Mwaka 2009 huduma ikaanza Iringa.

Hapo hapo Rakai kulikuwa na utafiti pacha ambao hatuuzungumzii vya kutosha, na kwangu ndio wenye somo gumu zaidi. Huu uliwachukua wanaume 922 ambao tayari walikuwa na VVU, ukiuliza: je, kuwatahiri kunawakinga wake zao? Nao ulisimamishwa mapema, lakini kwa sababu nyingine kabisa: hesabu zilionyesha kwamba hata ukiendelea mpaka mwisho, hautapata jibu la kuonyesha faida. Wake walioambukizwa upande wa waliotahiriwa walikuwa 17 kati ya 92, upande wa pili 8 kati ya 67. Asilimia 18 kwa 12. Tofauti hiyo ingeweza kuwa bahati tu, na ingeweza kuwa madhara ya kweli. Utafiti ulipofungwa swali la madhara lilibaki nusu wazi. Kilichookolewa ni kipande kimoja chenye thamani kubwa: wanaume waliorudia tendo la ndoa kabla kidonda hakijapona, wake zao 5 kati ya 18 waliambukizwa ndani ya miezi sita, waliosubiri, 6 kati ya 63. Mwanaume anayeambiwa na muuguzi asubiri wiki sita anasikia mwangwi wa namba hizo, hata kama muuguzi mwenyewe hajawahi kuisikia Rakai.

Sababu ya tatu ya kusimamisha ni madhara, na Tanzania ina mfano wake ambao ulibadili sera za dunia. Kisiwani Pemba, Sunil Sazawal na wenzake, wakishirikiana na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, waliwapa watoto wa mwezi 1 hadi 35 madini ya chuma na asidi ya foliki, wengine zinki, wengine vyote, na wengine dawa isiyo na kitu. Chuma kwa mtoto mwenye upungufu wa damu kilionekana ni jambo la heri lisilohitaji mjadala. Agosti 2003 bodi ikasimamisha makundi ya chuma: katika watoto 24,076, waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na hatari ya kulazwa au kufariki iliyozidi kwa asilimia 12. Kisiwa kilikuwa na malaria kali. Utafiti kama huo Nepal, pasipo malaria ya kiwango hicho, haukuonyesha madhara. Na kundi dogo la watoto wa Pemba waliopimwa na kukutwa na upungufu wa chuma kwa kweli lilinufaika. Bodi ingeweza kufunga kila kitu kwa hofu. Badala yake ilifunga chuma na kuacha zinki iendelee, kwa kuwa swali la zinki lilikuwa bado halijaguswa na jibu lolote.

Januari 2011 yakaja mengine ya namna hiyo. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi, ulijaribu dripu ya haraka kwa watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Teule ya Muheza. Ulipangwa kuchukua watoto 3,600, ukasimamishwa na 3,141. Ndani ya saa 48 vifo vilikuwa asilimia 10.6 kwa waliopewa albumini, 10.5 kwa waliopewa maji ya chumvi, na 7.3 kwa wasiopewa dripu hiyo ya haraka. Bila kundi la tatu, ambalo wengi wangeliona ni la kunyimwa huduma, madaktari wangelinganisha maji na maji na kuridhika.

Kutoka Makambako ukishika barabara kuu ya magharibi unafika Mbeya, na huko ndiko habari ya karibuni zaidi ilikopita. PrEPVacc, utafiti wa chanjo ya VVU ulioongozwa na Pontiano Kaleebu wa Uganda, ulianza Desemba 2020 ukiwa na washiriki zaidi ya 1,500 Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban. Desemba 2023 ilitangazwa kwamba sindano zimesimamishwa: bodi ilikuwa imeona hakuna matumaini ya chanjo zile kukinga. Sehemu ya pili ya utafiti huohuo, ya vidonge vya kinga, haikusimamishwa. Washiriki wa Mbeya waliacha kuchomwa sindano, na wakaendelea kufika kliniki kwa vipimo kama walivyopangiwa.